Hendeli za Jumba la Mbavu

Hakuwa na mke, alikuwa amemzika. Hakuwa na jirani, wa juu wala wa chini, ingawa aliishi katika jengo lenye vyumba vingi kuliko mtaa mzima. Hakuwa na lifti. Yaani ilikuwepo, lakini ilikufa ikiwa katikati ya ghorofa mbili, na hakuna aliyejisumbua kuifufua wala kuizika. Hakuwa na meno ya upande wa kushoto, kwa hiyo alitafunia kulia na kucheka mdomo umefungwa, siku ambazo palikuwa na la kuchekesha. Hakuwa na mtu wa kumwambia "umechelewa," wala wa kumuuliza "umekula?" Hakuwa hata na sufuria dogo. Chai alipika katika sufuria la familia, akanywa kikombe kimoja, na iliyobaki akaimwaga kwenye kopo la ua lililokauka zamani. Na hakuwa na jibu la barua ya mwanawe, iliyokaa mezani chini ya bakuli la sukari, imekunjuliwa na kukunjwa mpaka mikunjo yake ilianza kuachana.

Alichokuwa nacho ni hendeli.

Zilining'inia ukutani, juu ya kitanda chake: vyuma vilivyopinda kama kiwiko, kila kimoja na mpini wake wa mbao, kimeandikwa kwa rangi nyeupe ghorofa yake na upande wake. Alizipaka mafuta kila zilipoanza kukauka. Mpini uliolegea aliukaza. Mgeni angedhani ni silaha za jeshi dogo lililokwenda likizo.

Watu walimwita Mzee Mbavu, na jina hilo alipewa na jengo. Msanifu aliyelichora alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani minene, na alilichora wakati majengo yote ya mji yalikuwa mazito, yenye kuta pana na madirisha madogo kama macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Yeye akasimamisha uti wa mgongo mmoja wa zege katikati, ndani yake akatia ngazi, lifti na mabomba, kisha akazishikiza ghorofa zote kwenye uti huo, bila nguzo hata moja kukatiza vyumba. Chini kabisa hakujenga chochote. Jengo lilisimama kwa miguu, na upepo na wapita njia wakapita katikati ya miguu hiyo bila kuomba ruhusa. Nje ya madirisha akapanga mapanga marefu ya alumini, yamesimama wima, na kila safu ikawa na kitundu cha kuingizia hendeli. Ukizungusha hendeli, mapanga yanageuka pamoja. Jua likihama, nayo yanahama, na chumba kinapata mwanga bila kupata moto.

Mji haukuwa umewahi kuona kitu kama hicho, na mji ukishindwa kuelewa hucheka. "Jengo gani hili limekonda hivi? Limetoka hospitali? Hebu ona, mbavu zote nje!" Tangu siku hiyo likaitwa Jumba la Mbavu, na kijana aliyeajiriwa kuzitunza mbavu akaitwa jina hilo hilo kabla hajawa mzee.

Alikuwa amesoma madarasa machache tu ya mchana. Mengine aliyasoma usiku, baada ya kazi, katika shule ya watu wazima iliyokuwa na benchi fupi na mwalimu mrefu. Huko ndiko alikojifunza kwamba jua halipiti njia moja mwaka mzima, bali huenda huku na kurudi kama mtu mwenye wake wawili. Alipomweleza msanifu hayo, msanifu alimpa mkono, akamwambia, "Basi jengo hili ni lako na langu." Maneno hayo aliyaweka moyoni kama wengine wanavyoweka dhahabu. Akapewa na makazi juu ya paa: vyumba viwili vidogo vyenye dirisha la mviringo, vilivyochorwa makusudi kwa mtunzaji, ili jengo lisilale peke yake.

Sasa ofisi zote zilikuwa zimehama. Jengo halikulala peke yake. Aliyelala peke yake ni yeye.

Kila asubuhi alishuka na hendeli zake begani katika mfuko wa turubai, akageuza mbavu za upande wa macheo. Alasiri akaenda upande wa machweo. Hapakuwa na karani wa kukingiwa jua. Palikuwa na madawati yaliyoachwa, kalenda za miaka iliyopita, na nyayo zake mwenyewe katika vumbi, za kwenda na za kurudi, mpaka mahali pengine zilifanya kijia kama cha mbuzi. Alihakikisha mbavu zote za upande mmoja zimekaa sawasawa, kama askari kwenye gwaride. Kisha alishuka mpaka barabarani, akavuka, akageuka kulitazama jengo. Likiwa sawa, alitikisa kichwa, akarudi.

Halikuwa sawa kabisa hata siku moja, kwa sababu ya viyoyozi. Masanduku yale ya bati yalitokeza nje ya madirisha hapa na pale, yakiwa na kutu na vinyesi vya njiwa, yakizibana mbavu zisigeuke. Na ghorofa ya nne, upande wa machweo, palikuwa na pengo. Ubavu mmoja ulikatwa kwa msumeno. Aliyeukata ni mwanawe.

Kijana huyo alikuwa fundi wa viyoyozi, fundi hasa, wa kuitwa na watu wenye majina. Mkataba wa kuweka viyoyozi katika Jumba la Mbavu ulipotangazwa, yeye ndiye aliyeupata, na baba mtu alipata habari siku alipotoka upande wa machweo akamwona juu ya ngazi, cheche zinaruka, ubavu unateremshwa kwa kamba kama maiti. Alisimama chini ya ngazi mpaka kijana akamwona.

"Baba, shikamoo. Ngoja nishuke nikueleze."

"Usishuke. Kata na zilizobaki. Umeanza kunikata mimi, usiniache nusu."

Maneno mawili matatu, lakini yalikaa miaka. Kijana akahamia mji mwingine, akafungua karakana, akaoa, akapata watoto. Mama yake alikuwa akienda kumtembelea, akirudi na picha na salamu. Picha Mzee Mbavu alizitazama. Salamu alizipokea kwa kukohoa. Bibi alipofariki, baba na mwana walipeana mikono kaburini kama watu wanaokutana kwenye foleni ya benki. Wajukuu walimwangalia babu yao wakiwa wamejificha nyuma ya mama yao, naye hakujua mtu anaanzaje kumwita mtoto asiyemjua.

Kisha ikaja ile barua iliyokuwa chini ya bakuli la sukari. Kijana aliandika kwamba amejenga nyumba, na kuna chumba cha baba. Mzee Mbavu aliweza kuisoma akiwa amefumba macho, hasa sehemu iliyomchoma: *Chumba chako kinaangalia machweo na alasiri kinawaka kama tanuri. Watoto wananiuliza, baba wewe ni fundi wa viyoyozi, mbona huweki kimoja humo? Nimewaambia siweki. Babu yenu akija atajua la kufanya na jua.*

"Kejeli," alisema Mzee Mbavu mara ya kwanza alipoisoma, peke yake, kwa sauti. "Anifanyia kejeli, mtoto niliyemfunga nepi." Na kila alipoirudia, aliisikia sauti ya kijana ikicheka nyuma ya maandishi. Hakujibu. Ikapita masika, likapita joto, hakujibu.

* * *

Habari ya kwamba jengo, lililokuwa likingoja kuvunjwa, limeokoka aliletewa na mwalimu wa usanifu, mwanamke kijana aliyepanda ngazi zote mpaka paani akihema, viatu mkononi.

"Shikamoo, mzee. Loo! Unapanda hizi kila siku?"

"Marahaba. Zenyewe ndizo zinazonipandisha. Kaa, unywe chai, ipo nyingi."

Alikaa kwenye kiti ambacho hakikuwa kimekaliwa tangu bibi afariki. Mzee Mbavu aligundua kwamba hakuwa na kikombe cha pili kisicho na ufa, akampa kile chake, naye akanywea kwenye bakuli.

"Mzee, halivunjwi," alisema mwalimu. "Wala halivishwi vioo. Imeamuliwa litarudishwa kama lilivyochorwa. Unajua wanavyolisema huko kwenye vyuo? Kwamba kabla watu hawajaanza kulia na joto na gharama za umeme, hapa palikuwa na mtu aliyechora jengo linalojua jua liko wapi. Wanafunzi wanakuja kutoka mbali kulipima. Nina vijana darasani wanachora nyumba zao za kwanza, na kila mmoja ana mbavu ndani yake."

Mzee Mbavu aliutazama ukuta wa hendeli. Kwa miaka mingi alikuwa amejiandalia atakachosema siku hii. Sasa imefika, naye akauliza jambo jingine.

"Na mbavu atazizungusha nani?"

"Mota, mzee. Ndogo tu, zimefichwa. Kuna kifaa kitawekwa hapa paani, kinasoma jua chenyewe."

"Kinasoma jua."

"Ndiyo."

"Mimi nililisoma usiku," alisema, "shule ya ngumbaru." Mwalimu akacheka, na yeye akatabasamu mdomo umefungwa, lakini chai ikawa imepoa ghafla.

Mwalimu alizungusha kikombe mikononi. Jambo la pili lilikuwa gumu kulisema, na alilisema akiangalia dirisha la mviringo. Mafundi wangeanza mwishoni mwa mwezi. Kifaa kile kingekaa kwenye makazi haya haya. "Utakwenda kwa nani, mzee?"

"Nimeshapata chumba."

"Kwa watoto?"

"Kwa dirisha."

Na ilikuwa kweli. Ng'ambo ya barabara, juu ya duka la fundi cherehani, alikuwa amekubaliana na mwenye nyumba kuhusu chumba kimoja chenye choo cha pamoja na dirisha linalolitazama Jumba la Mbavu ana kwa ana. Hakikuwa na jiko wala nafasi ya kiti cha pili. Lakini angekaa pale, akitazama, mpaka Mungu atakapomwita. Kuna watu wanaozeeka wakitazama bahari. Yeye angetazama alumini.

"Kabla hatujaanza, tunawaalika waliowahi kufanya kazi humu," alisema mwalimu. "Waje mchana mmoja, watueleze jengo lilivyokuwa likiishi. Uje, mzee. Bila wewe si shughuli."

* * *

Siku hiyo alivaa suti ya harusi ya kijana wake, yaani suti aliyoishona kwa ajili ya harusi ile na hakwenda. Alinyoa. Alishuka na hendeli moja, ya ghorofa ya nne, maana huko ndiko watu walikoalikwa.

"Oyaa, Mzee Mbavu!" Mlinzi wa geti, lililowekwa ofisi zilipohama, aliinuka kabisa kwenye kiti chake. "Shikamoo. Umependeza, baba. Bibi harusi yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko nyumbani kwenu, ananiandalia mahari."

Mlinzi alicheka mpaka kofia ikamwinamia. Huyo ndiye mtu aliyezungumza naye zaidi mwaka ule, na mazungumzo yao yote kwa pamoja yasingejaza alasiri moja.

Ghorofa ya nne ilikuwa imefagiwa. Wanafunzi walikaa sakafuni na madaftari. Wageni walikuja wachache: tarishi wa zamani aliyekuwa haoni vizuri, mhasibu mmoja aliyeondoka mapema, na mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye kilemba cha kijani, aliyepanda ngazi akizilaani moja moja. Mzee Mbavu alimtambua kwa sauti. Alikuwa mpiga chapa wa ghorofa ile, na kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kupumzika, wote walimwita Bi Taipu.

Mwalimu aliwaonyesha michoro, akaeleza uti wa mgongo, miguu, upepo. Kisha akamwomba Mzee Mbavu aonyeshe. Aliingiza hendeli kwenye kitundu, akazungusha, na mbavu zikageuka zikilia kidogo, mstari wa mwanga ukatembea sakafuni mpaka kwenye magoti ya wanafunzi. Walipiga makofi. Alieleza jinsi alivyozigeuza mbavu za upande mzima kwa pamoja, kwa pembe moja, ili jengo liwe na uso mmoja. "Uso uliotulia," alisema. "Si uso wa mtu anayekonyeza huku na kukunja ndita kule."

"Uso!" Bi Taipu aliangua kicheko. "Enhe, Mzee Mbavu bado na uso wake! Kaka yangu, sisi hatukuwa usoni. Sisi tulikuwa tumboni."

Watu wakacheka. Naye Mzee Mbavu akatabasamu, kwa adabu.

"Sikilizeni, wanangu," Bi Taipu alisimama, akaenda moja kwa moja mpaka dirishani, pale penye pengo. "Hapa ndipo palipokuwa meza yangu. Mnaliona lile jengo la vioo kule mbele? Lilipojengwa, jua la alasiri likawa mawili. Moja la Mungu, linatoka kule. Moja la kuazima, linapiga vile vioo na kuja hapa. Mzee huyu, Mungu ambariki, alizigeuza mbavu kulikinga jua la Mungu. La kuazima likapita katikati moja kwa moja mpaka kwenye mashine yangu. Funguo zilikuwa zinachoma vidole! Na mwenzangu wa kule pembeni, yeye alikuwa gizani, anawasha taa saa nane za mchana."

"Hamkuniambia," alisema Mzee Mbavu.

"Tulikuambia! Tulikutuma tarishi. Ulijibu nini? Eti mkigeuza mnavyotaka, jengo litaonekana kama mdomo wenye mapengo. Mdomo, Mzee Mbavu! Na leo wewe mwenyewe…" Aliona alichotaka kusema, akakimeza, lakini wanafunzi walikuwa wameshainamisha vichwa kuficha vicheko. "Nisamehe, kaka. Lakini waliosema nyumba njema si mlango hawakukosea. Wewe kutwa ulikuwa mlangoni, ng'ambo ya barabara, unaitazama. Ungeingia ukae."

Mwalimu aliuliza kwa upole, "Kwa hiyo hendeli hazikuwa zenu?"

"Mwanzo zilikuwa zetu. Kila safu na yake, imening'inia hapa kwenye msumari, msumari wenyewe huu hapa. Kila mtu akageuza za kwake. Alikuja hata msanifu mwenyewe siku moja, kabla hajaondoka nchi hii. Akakaa juu ya meza yangu, akatuangalia tunavyozungusha, mmoja huku, mmoja kule. Akashuka chini kutazama kwa nje. Akarudi anacheka kama mtoto, anasema, 'Sasa linapumua.' Kesho yake tunakuja kazini, hendeli hakuna."

Mzee Mbavu aliikumbuka siku ile. Aliikumbuka vizuri kuliko siku ya ndoa yake. Msanifu alisimama karibu naye ng'ambo ya barabara, akatazama juu, mbavu zikiwa shaghalabaghala, moja wazi, moja imefumba, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani kuyafuta macho, akampiga yeye begani, akavuka kurudi ndani bila kusema neno. Naye alibaki pale, masikio yakimwaka. Aliona kwamba msanifu anaichekelea aibu. Kwamba jengo lao wawili limefanywa kichekesho, na mtunzaji wake pia. Jioni ile ile alipita ghorofa kwa ghorofa akikusanya hendeli. Msanifu akasafiri, wala hakurudi. Nani angemwambia?

"Na kile kiyoyozi," Bi Taipu aliendelea, sasa sauti imeshuka, "mimi ndiye niliyekililia. Nilikuwa na mimba ya kitinda mimba wangu, nikaanguka hapa hapa, kichwa kikapiga droo. Wakamleta kijana wako. Alikuja akapima, akasema haiwezekani bila kukata ubavu, na ubavu hakati. Akaondoka. Akarudi, akasema tena hakati. 'Baba yangu ataumia,' alisema hivyo, mbele ya mkubwa wetu. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Nikamwambia, mwanangu, na huyu wa tumboni naye ataumia. Ndipo akapanda ngazi. Hukujua?"

"Sikumwacha ashuke anieleze," alisema Mzee Mbavu.

Tarishi wa zamani, ambaye hakuona nyuso za watu, akauliza kama chai bado.

* * *

Alipanda mpaka paani, akiwaacha na chai yao. Aliteremsha hendeli zote ukutani. Ukuta ukabaki na alama zake, nyeupe kwenye rangi iliyofubaa, kama mifupa ya kitu kilichochimbuliwa. Alizitia kwenye turubai, akashuka, akamwomba mwalimu ruhusa, na akawagawia wanafunzi, kila mmoja na safu yake, ghorofa kwa ghorofa. Ya mwisho alimpa Bi Taipu.

"Tugeuzeje, babu?" aliuliza mwanafunzi mmoja.

Mkono wake ulinyanyuka wenyewe kuonyesha pembe. Akaurudisha mfukoni. "Kaa kwanza. Ukiona jua linakusumbua, geuza. Usinisumbue mimi, na mimi nisikusumbue."

Akashuka mpaka barabarani, akavuka, akageuka.

Kwanza halikutokea jambo. Kisha ubavu mmoja ukasogea, na mwingine juu yake, kinyume. Safu ya kona ikafunguka yote. Ghorofa ya sita, mtu alikuwa anafungua na kufunga kwa mchezo tu. Palipo na viyoyozi palibaki pamekwama, palipo na pengo palibaki pengo, na kati yake jengo zima likahangaika na kujinyoosha, kama mtu aliyelala muda mrefu akitafuta upande wa kulalia. Lilikuwa baya. Halikuwa na uso hata kidogo. Dirishani ghorofa ya nne Bi Taipu alikuwa anapunga hendeli kama mkuki, akipiga kelele ambazo hazikufika chini.

Mzee Mbavu alisikia kicheko, na kwa mara ya pili katika maisha yake, mahali pale pale, hakukielewa mara moja. Kilikuwa chake. Kilitoka mdomo wazi, mapengo na yote, machozi yakamtoka, akatafuta bega la kulipiga na pembeni hapakuwa na mtu.

"Mzee!" Mlinzi alimpigia kelele kutoka getini. "Nani kakuvunja mbavu?"

Alikuwa anafikiria kwamba mtu anaweza kukuchekea kwa furaha, na wewe ukaenda nyumbani na jeraha. Na kwamba mtu anaweza kukuandikia *babu yenu akija atajua la kufanya na jua*, bila kejeli yoyote, akimaanisha kila neno, akawaacha watoto wake watoke jasho msimu mzima wakisubiri.

Wageni walipoondoka alipanda tena. Jua la jioni lilikuwa limeingia kwa dirisha la mviringo na kukaa mezani. Aliisoma barua kwa mara nyingine, pole pole, kwa kidole, kama walivyofundishwa shule ya usiku. Safari hii hakusikia mtu anayecheka. Alisikia fundi anayeeleza chumba kilivyo, ili fundi mwenzake aje na vifaa vinavyofaa.

Aliandika hivi, baada ya kuchana karatasi kadhaa:

*Mwanangu. Salamu nyingi. Barua yako niliipata zamani. Bi Taipu wa ghorofa ya nne anakusalimu. Mtoto wake yule amekuwa mtu mzima. Amenieleza ulichotaka kunieleza siku ile ukiwa juu ya ngazi.*

*Kiyoyozi usiweke. Pima upana wa dirisha na kimo chake. Tazama kama mbele kuna nyumba yenye vioo au bati jipya, kwa sababu hapo jua linakuwa mawili. Tafuta alumini, hata iliyotumika. Kukata utakata wewe, mimi mkono unatetemeka. Hendeli ikae ndani, kwenye msumari ambao watoto wanaufikia. Wageuze wanavyotaka. Kwa nje likionekana vibaya, na lionekane.*

*Kama chumba bado kipo, niandikie. Kama umeshampa mtu mwingine, niandikie pia. Baba yako.*

Alikaa akiiangalia sentensi ya mwisho. Msimu ulikuwa umepita, na chumba kitupu nyumbani mwa watu hakikosi mkazi. Alitaka kuifuta. Akaiacha.

Asubuhi alimpitia fundi cherehani, akamwambia amweleze mwenye nyumba kwamba chumba kile ampe mwingine, hata kabla ya kujua kama anacho cha kwenda. Kisha akatembea mpaka posta, suti ile ile mwilini, kwa sababu nguo zake nyingine alikuwa ameshazifunga. Hakugeuka kulitazama jengo. Kwenye kaunta alilamba gundi ya bahasha kwa upande wa kulia wa mdomo, akaibonyeza kwa kidole gumba kuanzia kona hadi kona, akaibonyeza tena, akabandika stempu ikakaa mshazari kidogo, na hakuinyoosha. Kwenye sanduku aliishikilia kidogo pale mdomoni, nusu ndani, nusu nje.

Akaiachia, akaisikia ikianguka juu ya barua za watu wengine.